Maswali na majibu: Mwalimu wa sayansi anajifunza nini makumbusho?

Mimi ni mkufunzi wa baiolojia. Chuo kina maabara, na wanachuo huenda mazoezi ya kufundisha shuleni. Makumbusho yataongeza nini?

Yataongeza wasikilizaji wasiolazimika kusikiliza. Darasani mwanafunzi aliyechoka hubaki kwenye dawati lake, macho kwa mwalimu, mawazo kwingine. Makumbusho, mgeni akichoka anaondoka. Mwalimu tarajali akishika zamu karibu na kabati la mafuvu, ataona mwenyewe maelezo gani yanawafukuza watu na swali gani linawarudisha.

Wala si jambo jipya. American Museum of Natural History ya New York hutoa shahada ya uzamili ya ualimu wa sayansi ya dunia, na wanachuo wake hujifunza kazi shuleni na makumbusho. Exploratorium, makumbusho ya sayansi ya San Francisco, ilifunguliwa 1969 na mwanafizikia Frank Oppenheimer, ambaye aliwahi kufundisha sekondari, na tangu 1984 ina taasisi ya walimu.

Naogopa kuulizwa nisilolijua mbele za watu.

Utaulizwa, tena na mtoto mdogo. Usikariri kibao cha maelezo. Jizoeze kukisoma kitu chenyewe. Tuseme mtoto anaonyesha fuvu na kuuliza, "Huyu mnyama gani?" Mwongozaji mchanga hutaja jina, na mazungumzo yanakufa hapohapo. Mjaribu hivi:

"Tazama meno. Unaona chonge?"

"Hakuna."

"Na ya nyuma?"

"Mapana."

"Katikati pana pengo. Alikuwa anakula nini?"

"Majani!"

"Macho yake je, yako mbele au pembeni?"

"Pembeni."

"Kwa nini?"

Hapo nyamaza. Ndipo penye ugumu wote. Hesabu kimoyomoyo hadi tano, maana walimu wengi hujijibu wenyewe kabla ya kufika tatu. Mtoto akisema "ili amwone anayemvizia", amefanya sayansi, na jina la mnyama linaweza kufuata. Ukikwama kabisa, sema "sijui, tutafute", kisha umuulize mhifadhi. Kauli hiyo haifundishwi vya kutosha vyuoni.

Hayo ni ya baiolojia. Wenzangu wa fizikia je?

Watafute pendulamu ya Foucault, yaani uzito unaobembea kwenye waya mrefu. Makumbusho mengi ya sayansi yanayo. Mwaka 1851 Léon Foucault alining'iniza tufe la kilo 28 kwa waya wa mita 67 ndani ya jengo la Panthéon, Paris, ili watu waone Dunia inavyojizungusha. Wamuulize mwanachuo kwa nini Paris mstari wa mbembeo huchukua takribani saa 32 kuzunguka, kwenye ncha za Dunia takribani siku moja, na kwenye ikweta hausogei kabisa. Amweleze mgeni bila ubao wala kalamu. Aliyekariri kanuni tu atajulikana upesi.

Ziara zetu huishia kwenye kupiga picha na kula.

Kwa sababu mnataka kuona kila kitu. Chagueni chumba kimoja. Wewe mkufunzi tangulia kwenda, uzungumze na wahusika wa elimu wa makumbusho hayo. Siku ya ziara kila mwanachuo achague kitu kimoja tu, akae nacho dakika 20, akichore, kisha aandike maswali ambayo kitu hicho kinaweza kuyajibu na yale kisiyoweza. Baadaye asimame kando aangalie wageni wanavyokipita: nani anasimama, nani anasoma kibao, wazazi wanawaambia nini watoto. Akirudi chuoni aandike andalio la somo lenye kazi ya kabla ya ziara, ya wakati wa ziara na ya baada yake.

Zile karatasi za kujaza nafasi zilizo wazi, mimi ningezichana. Watoto hukimbia kunakili vibao bila hata kuvitazama vitu.

Hatuna makumbusho karibu.

Tengenezeni. Walimu waliopitia Exploratorium walibuni nakala ndogo za maonyesho yake kwa vifaa rahisi ili zitumike darasani. Nanyi kusanyeni mbegu, mawe, mifupa iliyosafishwa vizuri, redio mbovu iliyofunguliwa. Msiguse maeneo ya hifadhi. Kila kitu kiwe na kadi: kiliokotwa wapi, lini, na nani. Jiwe lisilo na kadi ni pambo tu. Kisha kila mwanachuo aandike kibao cha maneno yasiyozidi 50. Watalalamika, na wana haki, maana ni kazi ngumu kuliko insha ya kurasa tano. Mkiwa tayari, alikeni darasa la shule jirani.

Nitatoaje alama?

Mwanachuo arekodi sauti ya mazungumzo yake kwa dakika kumi, kwa idhini ya wageni. Apime mwenyewe alizungumza kwa muda gani na mgeni kwa muda gani, na ni maswali yake mangapi yalihitaji zaidi ya neno moja kujibiwa. Ajipe alama yeye kwanza, ndipo nawe utoe yako.