Maswali yenu: maadili ya utafiti wa viumbe hai

Kuwapa wagonjwa wa utafiti dawa bandia, yaani kidonge kitupu kisicho na tiba ndani, si kuwadanganya?

Ingekuwa hivyo kama wasingeambiwa. Mshiriki huelezwa mapema kwamba huenda akaangukia kundi la dawa bandia, ndipo anatoa ridhaa. Maradhi mengi hupoa yenyewe, kwa hiyo bila kundi la kulinganisha hatujui kilichomponya mtu. Mwaka 1747 James Lind aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye wawili wawili, kila jozi na tiba yake. Waliokula machungwa na malimau ndio waliopata nafuu upesi. Lakini kwa ugonjwa hatari ambao tiba yake ipo, dawa mpya hushindanishwa na tiba hiyo, si na kidonge kitupu.

Utafiti wa Tuskegee ulikuwa mwovu, sawa. Ila kisayansi si ulitupa data?

Data gani? Kuanzia 1932 hadi 1972, huko Alabama, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600, 399 kati yao wakiwa na kaswende. Waliambiwa wana “damu mbaya”. Penisilini ilipokuwa tiba ya kawaida, hawakupewa. Lengo lilikuwa kuona kaswende isiyotibiwa inavyokwenda, ilhali mwanzoni wengi walipewa dawa kidogo za enzi hiyo, na baadaye baadhi wakapata penisilini kwingine. Hata katika kundi la kulinganisha, yaani wasio na kaswende, walioambukizwa njiani walihamishiwa upande wa wagonjwa! Kwa hiyo hao “wasiotibiwa” walikuwa mchanganyiko tu. Anayesema maadili huchelewesha sayansi aanzie hapa: watu waliumizwa, na swali lenyewe likaharibiwa.

Kwa nini kamati za maadili zinaruhusu panya kuuawa maabara?

Nyingi hufuata kanuni tatu za wanasayansi Russell na Burch za mwaka 1959: tumia mbadala panapowezekana, punguza idadi, punguza mateso. Ila kupunguza nako kuna mpaka. Ukitumia panya 4 pale ambapo hesabu ya takwimu inataka 20, hao wanne wamekufa bure.

Nukta moja inaharibu grafu ya tasnifu yangu. Niitoe?

Kama sampuli ilimwagika na uliandika hivyo daftarini siku ileile, itoe, kisha ueleze. Kama kosa lake ni kuipinga nadharia tete yako tu, iache. Msimamizi akikushinikiza, mwombe akupe agizo hilo kwa maandishi. Mara nyingi hataandika.