Jibu: Nakariri maneno ya Kiingereza lakini nikiongea hayaji

Ndugu yangu, unakariri kamusi kila siku halafu ukiongea maneno yanagoma kwa sababu unayashika moja moja. Shika neno pamoja na wenzake: make a mistake, do homework, take a photo.

Borrow na lend yanatusumbua wengi, maana kuazima kwetu kunabeba pande zote mbili. Anayepokea ndiye wa borrow, anayetoa ni wa lend: I borrowed his pen, he lent me his pen. Tunga sentensi zako hivyo, za mambo ya nyumbani kwako, na uzisome kwa sauti.

Maneno mazito ya magazetini yaache kwanza. Tafuta mtandaoni New General Service List ya 2013, ni bure, ina maneno takriban 2,800 yanayotumika sana.