Kilomita Hazikupi Saa: Kukadiria Muda wa Ndege Kati ya Miji Miwili

Msomaji ameniuliza: kikokotoo cha mtandaoni kinampa saa 6 na nusu kutoka London hadi New York, ila tiketi inasema saa 8. Kipi ni sahihi?

Vyote viwili, maana vinapima vitu tofauti. Kikokotoo kimechukua njia fupi kuliko zote juu ya tufe la dunia, kilomita 5,540 hivi kati ya viwanja, kikagawa kwa kasi ya 850 kwa saa. Tiketi inahesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa tena. Humo mna foleni ya kuelekea njia ya kurukia, kupaa, kushuka, na pengine kuzungushwa angani kusubiri zamu ya kutua.

Ukitaka makadirio ya kuaminika, anza na umbali wa angani, usichukue wa barabara. Ongeza asilimia 5, kwa sababu ndege haziendi moja kwa moja. Gawa kwa 850, kisha jumlisha dakika 30 hadi 40. Nyongeza hiyo ya mwisho ndiyo watu huisahau, na safari fupi ndizo zinazowaumbua: kilomita 400 hutoa nusu saa kwa kugawa tu, wakati tiketi itaandika saa moja au zaidi.

Halafu kuna upepo. Juu, kwenye kilomita 10 hivi, mkondo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na majira ya baridi unaweza kuvuka kilomita 200 kwa saa. Ndiyo maana New York hadi London ni saa 7 hivi, na kurudi ni 8. Kikokotoo kinachokupa jibu moja kwa pande zote mbili kimeupuuza upepo.

Anga ikifungwa, hesabu yote huvurugika. Tangu 2022 ndege za Finland haziruhusiwi kupita Urusi, na safari ya Helsinki hadi Tokyo ikapanda kutoka saa kama 9 na nusu hadi 13 hivi. Miji haijasogea hata hatua moja.

Sasa saa za tiketi, na hapa nawasihi muwe makini kweli. Saa ya kuondoka ni ya mji unaoondoka, ya kufika ni ya mji unaofikia. Ukiondoka New York 19:00 ukafika London 07:00 yenye alama ya +1, yaani kesho yake, saa ya ukutani imesogea 12. Toa tofauti ya saa 5 kati ya miji hiyo, unabaki na 7. Lakini Marekani husogeza saa zake mbele kwa saa moja Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza ile ya mwisho. Katikati hapo tofauti ni 4. Na 19:00 ni saa moja usiku kwa hesabu yetu, wala si saa saba.

Kama unaunganisha ndege, achana na makadirio yako. Tumia saa ya kufika iliyo kwenye tiketi. Tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali mara nyingi humaanisha kuchukua mzigo na kuukabidhi upya, na dawati la mizigo hufungwa mapema kuliko lango la kupandia. Safari za kimataifa dawati hilo kwa kawaida hufungwa dakika 60 kabla ya kuondoka, hivyo pengo la saa 2 kwenye tiketi limeshakuwa saa moja.