Picha ya Babu Gatini: Mtwara au Mkwaya?

SWALI: Shikamoo mzee. Naandika kutoka Mikindani. Babu mzaa mama alifanya kazi relini enzi za mradi wa Waingereza wa kulima karanga, akatuachia picha moja ndogo, sentimita 6 kwa 9, nyeusi na nyeupe. Watu wanne wamesimama kando ya behewa, vivuli vyao vifupi, na nyuma yao kuna meli. Mama anasema ni gati la Mtwara. Mjomba anashikilia ni Mkwaya, Lindi. Nimeipiga kwa simu, nikikuza maandishi ya behewa yanavurugika. Programu ya kusafisha picha imenipa herufi kali kabisa, lakini haziundi neno. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo iliyosafishwa iweke kando moja kwa moja. Programu za namna hiyo hazifufui kilichofifia, zinabuni kinachofanana nacho. Penye doa zitachora herufi, penye mkunjo zitachora kamba, nawe utaanza kubishana na mjomba kwa kitu ambacho babu hakukiona.

Anza na karatasi yenyewe. Usiifute kwa maji wala mate, maana utando wa juu wa picha za zamani ni jelatini. Ukilowa huvimba na kunata. Kama imegandana na kioo cha fremu, usiibandue. Ikiwa iko huru, igeuze kwanza. Ingia chumba chenye giza, washa tochi ya simu na uilaze ubavuni, mwanga ukipita sambamba na karatasi. Penseli iliyofutika huacha mfereji, na mfereji huo hutupa kivuli. Nimewahi kusoma hivyo jina la mji nyuma ya picha ambayo wenyewe waliapa haina kitu.

Kisha tafuta skana ile ya kulaza karatasi juu ya kioo. Omba nukta 1200 kwa inchi, faili la TIFF, aina isiyopoteza chochote cha picha, na vitufe vyote vya kuboresha vizimwe. Picha yako itatoa nukta kama milioni 12, zinazotosha sana. Ichukue kwa flashi ya kuhifadhia mafaili. Ukitumiwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa, na maandishi ya behewa ndiyo yatakayotangulia kupotea.

Hakikisha pia haikuchapwa kinyume. Negativu, yaani filamu iliyotumika kuchapa picha, ikigeuzwa, kulia huwa kushoto. Tazama vifungo vya mashati: shati la kiume hufungwa ubavu wa kushoto wa mvaaji ukiwa juu ya wa kulia.

Sasa mabishano yenyewe. Reli ya kusini ilianzia Mkwaya, kwenye mkono wa bahari wa Lindi, kwa sababu bandari ya Mtwara ilikuwa bado haijakamilika. Treni zilianza kwenda Nachingwea mwaka 1949, na gati la kina kirefu la Mtwara lilifunguliwa 1954. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli yote ilifungwa, na mataruma yakang'olewa. Basi babu anaweza kuwa alifanya kazi kote kuwili. Herufi E.A.R. ubavuni mwa behewa zitakuonyesha ni la shirika la reli la Afrika Mashariki lililoundwa 1948, lakini hazitakuambia ni wapi.

Bendera itasaidia zaidi. Meli ya kigeni hupandisha nyuma bendera ya kwao, na mlingotini ile ya nchi inayoikaribisha. Ya mlingotini ndiyo yako. Ikiwa na misalaba ya bendera ya Uingereza kwenye kona, picha ni ya kabla ya uhuru. Ikiwa na milia ya kulala, ni bendera ya Tanganyika, iliyopandishwa tarehe 9 Desemba 1961, na hapo Mkwaya inakuwa ngumu kutetea, kwani gati la Mtwara lilikuwa limeshafunguliwa miaka saba.

Vivuli navyo vinasema. Mtwara iko digrii 10 hivi kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri hukaa kaskazini, na kivuli hakipungui thuluthi mbili ya kimo: mtu wa mita 1.70 ana kivuli cha mita 1.1. Karibu na tarehe 20 Oktoba, na tena 22 Februari, jua hupita utosini na kivuli hujificha miguuni. Vivuli vya akina babu vikiwa chini ya nusu ya kimo chao, Juni na Julai zifute. Kivuli kikikatiza reli utakipima hapo hapo, kwani chuma kwa chuma palikuwa mita 1 kamili. Usichanganye tu na reli za kreni, ambazo huwa pana zaidi.

Mwisho angalia mstari wa nchi ya ng'ambo, nyuma ya meli. Majengo hubomolewa, ukingo wa nchi haubadiliki upesi. Chapa picha kubwa, panda pantoni ya Msangamkuu, pale Mtwara, ukiulinganisha, kisha fanya vivyo hivyo Lindi. Ukikutana na wazee waliofanya kazi relini, wape waitazame kimya. Usiwaambie mama anasema nini wala mjomba anasema nini mpaka wao wawe wameshataja mahali.