Agosti Ndiyo Januari Yetu

Mama mdogo aliuliza kwenye kundi letu la ukoo, shemeji akaunga mkono: huko Marekani shule ni bure, chakula cha shule bure, basi linamfuata mtoto karibu na mlango, sasa mbona kila ikifika Agosti mnasema hali ngumu? Na likizo yote hiyo ya kiangazi, kwa nini watoto hawaletwi Kibosho, huko Kilimanjaro, kwa bibi yao? Najua wapo wengine waliotaka kuuliza hivyo hivyo wakanyamaza. Swali ni la haki. Nitalijibu lote, kwa sababu sitaki mtu akae akidhani tumewatupa.

Kwanza, mliyosikia ni kweli. Tunaishi Brooklyn Park, kaskazini ya Minneapolis, jimbo la Minnesota. Shule ya serikali haina ada, wala haina sare. Tangu mwaka wa masomo wa 2023/24 mtoto anakula asubuhi na mchana shuleni bila kulipa, mzazi awe na kipato gani. Sheria hiyo gavana Tim Walz aliisaini Machi 2023. Basi la njano lipo, na dereva anangoja mtoto avuke barabara huku magari yote yamesimama. Nayashukuru mambo haya kwa dhati. Mimi niliyesoma kwa kubeba kidumu cha maji na fagio, siwezi kuyadharau.

Lakini hayo yote yapo shule ikiwa wazi. Huku shule hufungwa mwanzoni mwa Juni na hufunguliwa Septemba, baada ya Sikukuu ya Wafanyakazi, ambayo huwa Jumatatu ya kwanza ya mwezi huo. Sheria ya Minnesota kwa kawaida inataka shule zisianze kabla ya sikukuu hiyo, ingawa wilaya nyingine hupata ruhusa ya kuanza mapema. Marafiki zetu wa Atlanta watoto wao huwa wamesharudi darasani mwanzoni mwa Agosti. Sisi tunakaa na wetu karibu miezi mitatu, na kazini hakuna likizo inayofanana na ya watoto. Tanzania sheria ya ajira inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka kwa malipo. Marekani hakuna sheria ya taifa inayomlazimu mwajiri kutoa hata siku moja ya aina hiyo. Unapewa kadiri ya makubaliano yenu, na kwa sisi tunaobeba boksi, yaani wa kazi za chini, ni siku za kuhesabu.

Sasa niwaulize nyinyi. Shule ikifungwa huko, mtoto anakaa na nani? Anakaa na bibi, na dada wa kazi, na mama wa jirani, na binamu zake wakubwa. Anakula nyumba yoyote atakayokuwepo saa saba mchana. Hakuna anayeandika hesabu. Huku mtu wa kukaa na mtoto ndicho kitu ghali kuliko vyote. Kambi ya mchana, ambako mtoto anachezeshwa na kufundishwa kuogelea, ni dola 200 kwa wiki kwa mtoto mmoja na kuendelea, nyingine zinapita 400. Mimi nina watatu. Zidisheni wenyewe kwa wiki za kiangazi, muone mshahara wa msaidizi wa wauguzi unaishia wapi. Kuna ruzuku ya jimbo kwa wenye kipato kidogo sana, ila ukizidi kiwango kidogo tu umetoka.

Mtasema, si kifungua mimba ana miaka kumi, awaangalie wadogo zake? Huko angeweza. Huku mwongozo wa ulinzi wa watoto wa jimbo hili unasema mtoto wa miaka saba kushuka chini asiachwe peke yake hata kidogo, na wa miaka minane hadi kumi asizidi saa tatu. Kulinda wadogo zake bado hajafikia umri. Jirani akipiga simu, watu wa ustawi wa jamii wanakuja mlangoni. Je, mmoja wetu akusanye watoto wa mtaa mzima kama alivyokuwa akifanya marehemu bibi? Asiye na leseni, ukiacha watoto wa ndugu zake, anaruhusiwa kulea watoto wa familia moja tu. Mama mmoja wa Kiliberia tunayesali naye ametusaidia sana kwa njia hiyo. Brooklyn Park ina Waliberia wengi, na kwa malezi wana moyo ule ule wa kwetu. Mungu ambariki.

Basi nimefika kwenye wiki ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, kwa sababu hiyo ndiyo mnayoisikia kwenye sauti yangu kila Agosti.

Wiki hiyo kambi nyingi zimeshafungwa. Vijana waliokuwa wakizisimamia wamerudi vyuoni, na walimu wamo shuleni wakipanga madarasa. Vituo vya chakula cha bure cha kiangazi kwa watoto, ambavyo huwa kwenye bustani na maktaba, vingi navyo vimefunga. Shule bado, kambi hakuna, na watoto watatu wana njaa kila baada ya saa mbili. Mimi nafanya shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee, kuanzia saa tano usiku hadi saa moja asubuhi. Narudi, baba yao ameshika funguo mkononi, ananipa habari ya nani ameamka na homa na nani hajala, anaondoka kwenda kiwandani. Mchana kutwa niko macho na watoto. Akirudi jioni ndipo ninalala, na saa nne usiku simu inaniamsha kwenda kazini. Wiki za kambi nilikuwa nalala mchana kama binadamu. Kwa hiyo ukinipigia wiki hiyo nikajibu kwa mkato, dada, usiseme nimekuwa Mzungu. Nimechoka tu.

Na katika uchovu huo ndipo manunuzi yanapokuja. Vitabu ni vya shule, lakini kila darasa linatoa orodha ya vifaa: penseli kwa dazeni, gundi, rangi, makasha, hedifoni za kompyuta, hata maboksi ya tishu za kufutia makamasi darasani. Viatu vya mwaka jana havimwingii mtu. Hakuna sare, na hapo wengi wenu mtafurahi, lakini mimi sasa naiheshimu sare. Mtoto mwenye sare mbili ana nguo za wiki nzima. Mtoto asiye na sare anataka kila siku avae tofauti, na akivaa ile ile wenzake wanamwona. Halafu mnajua kinachofuata huku baada ya Oktoba: makoti mazito, buti za theluji, suruali nzito za kuvaa juu ya nyingine, glovu ambazo kila mwezi moja inapotea. Nafuu ni kwamba Minnesota haitozi kodi ya mauzo kwenye nguo za kawaida. Na mwenye ndugu hapa aliyefika karibuni amwambie atunze risiti za vifaa vya shule, kwa sababu jimbo lina nafuu ya kodi kwa gharama za masomo na wenye kipato kidogo hurudishiwa sehemu. Wageni wengi hawaijui, wanatupa risiti.

Huko kwenu mwaka wa masomo unaanza Januari, baada ya Krismasi kumaliza fedha zote, na kila mzazi anatembea na orodha mfukoni: madaftari, rimu, michango, viatu vyeusi. Mnaijua Januari ilivyo. Agosti ndiyo Januari yetu, na sisi tuna mbili, kwa kuwa ile yenu tunaishiriki pia.

Kuna makaratasi vilevile. Kitinda mimba anaanza shule mwaka huu, kwa hiyo kadi ya chanjo lazima ikamilike: surua, polio, tetekuwanga, homa ya ini, pepopunda na zile zinazoambatana nayo. Kuna fomu ya kipato ambayo shule inaomba uijaze hata kama chakula ni bure, kwa sababu fedha nyingine za shule zinategemea fomu hizo. Kuna jioni ya kwenda kumwona mwalimu, kupeleka vifaa na kumwonyesha mtoto meza yake. Hiyo jioni siikosi, hata nikienda na usingizi machoni. Kitinda mimba alikuwa amenishika sketi. Mwalimu akachuchumaa mpaka macho yao yakalingana, akamuuliza jina lake linatamkwaje, akalirudia mpaka akalipata. Nilifarijika kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Sitaki mdhani ni dhiki tupu. Jua la kiangazi huku ni zawadi. Mwezi wa Juni linazama saa tatu usiku, na hata mwisho wa Agosti bado saa mbili kuna mwanga, ndiyo maana kuwarudisha watoto kwenye ratiba ya kulala mapema ni vita. Baba yao alipata siku za mapumziko tukawapeleka Itasca, ziwa ambako mto Mississippi unaanzia. Mto ule una urefu wa zaidi ya kilomita 3,700 mpaka Ghuba ya Meksiko, lakini pale mwanzoni ni kijito, na wanangu wote watatu wameuvuka kwa kukanyaga mawe. Kifungua mimba aliniuliza kama mito ya Kilimanjaro nayo inaanza hivyo. Ningependa aje ajionee.

Kisha kuna maonyesho makubwa ya jimbo, yanayodumu siku 12 na kuisha siku ile ile ya Sikukuu ya Wafanyakazi. Fikirini Sabasaba na Nanenane kwa pamoja. Kila chakula kinachomekwa kijiti, na bei yake si ya mchezo, kwa hiyo sisi tunakwenda tumeshiba. Wanangu wanalipenda banda ambalo ng'ombe, kondoo na nguruwe wanazalia mbele ya watu. Watoto wa mjini wanasimama midomo wazi. Mimi nawasimulia jinsi babu yao alivyokuwa akikesha zizini na taa ya chemli ng'ombe akikaribia kuzaa, na nadhani hapo ndipo wanapoielewa Kibosho vizuri kuliko kwenye picha zote mnazotutumia.

Sasa suala la kuwaleta. Tiketi za watu watano kiangazi, ambacho ndicho kipindi ghali, zinapita mshahara wangu wa miezi miwili, na tukisafiri hatulipwi. Desemba, wakati Wachaga wote mpo barabarani kurudi nyumbani, shule za huku zinafunga kama wiki mbili tu, na safari yenyewe inakula siku kadhaa kwenda na kurudi. Tumeanza kuweka akiba kidogo kidogo. Sitaji mwaka, maana mama akishasikia mwaka anaanza kufuga mbuzi wa kuchinja, na sitaki kumvunja moyo.

Yule kijana wa kaka, hela ya Januari ipo palepale tulipokubaliana. Hilo la paa la jikoni naomba lisubiri mpaka katikati ya Septemba, nikishalala na mshahara ukatulia. Na mama mdogo, ukitaka kuongea na watoto usipige usiku wenu, huku wanakuwa wanatoka shule na kelele nyingi. Piga Jumapili saa kumi na moja jioni ya huko. Huku inakuwa saa tatu asubuhi, hatujaondoka kwenda kanisani, na wote watatu wapo mezani. Ongea nao Kiswahili, tena kile chako cha haraka haraka; usiwapunguzie.