Jibu: Lazima mmoja wao afe mwishoni?

Ndugu, umeuliza kama riwaya ya wanaume wawili wanaopendana lazima iishe kwa msiba ndipo mchapishaji aikubali. Usiwaue. Mwandishi Mwingereza E. M. Forster aliandika Maurice, riwaya ya wanaume wawili wanaopendana, mwaka 1913 na 1914, akakataa katakata mwisho wa huzuni: Maurice na Alec, kijana mfanyakazi wa shamba la tajiri, wanabaki pamoja. Mwaka 1960 alieleza kwamba kama angemmaliza kijana kwa kitanzi, kitabu kingechapishika kwa urahisi zaidi. Marafiki tu ndio walikisoma; kilitoka 1971, yeye keshafariki mwaka uliotangulia. Ni bei kubwa mno kwa mwandishi, na inaniuma. Hata hivyo, ile sura ya riwaya yako inayotokea jikoni, uliyoitaja, iandike yote kwanza. Habari ya mchapishaji tutaijadili ukishaimaliza.