Soko lenye ufanisi si lazima liwe na usawa

Unauliza kama soko likiwa na ufanisi basi limeleta na usawa. Hapana, na hapo ndipo kundi letu zima la kujisomea uchumi lilipokwama. Ufanisi wa Pareto unasema tu huwezi kumwongezea mmoja bila kumpunguzia mwingine. Mimi nina kalamu kumi, wewe huna hata moja, sote tunazitaka: huo ni ufanisi kamili! Ukichukua moja, mimi nimeshapoteza. Usawa una kipimo chake, kigezo cha Gini: 0 kila mtu akipata sawa, kuelekea 1 mmoja akizoa vyote. Kundi lenu likikutana, choreni kwa mkono mkunjo wa Lorenz (mstari unaoonyesha sehemu ya mapato yote wanayopata watu, ukijumlisha kuanzia maskini zaidi hadi tajiri zaidi), kwa mfano wa watu watano tu, na yule anayekariri fasili (kwetu nilikuwa mimi) ndiye aueleze.